Nimekwama Attack 24 na wenzangu wananiacha: nipandeje levo haraka?

Swali: Shikamoo kaka. Nacheza Old School RuneScape kwenye simu, ile ya bure, saa moja au moja na nusu kila usiku nikishafunga duka. Attack yangu ni 24, Strength na Defence 21. Nashinda Lumbridge nikiua magoblini kwa upanga mrefu wa chuma. Mtindo wa kupiga sijawahi kuushughulikia, uko kwenye Lunge. Rafiki niliyeanza naye amefika 45. Ananiambia nitafute programu inayobonyeza yenyewe, au ninunue akaunti ya mtu iliyokwisha kupanda. Naomba unielekeze jinsi ya kupanda levo haraka. Msomaji wako, Tanga.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kutaja silaha, mahali na mtindo wa kupiga, kwa sababu tatizo lako la kwanza limo humo humo: ni hiyo Lunge.

Katika mchezo huu kila pointi moja ya uhai unayompunguzia adui kwa upanga inakupa XP 4 za mapigano (XP ni pointi za uzoefu zinazopandisha levo), na juu yake XP 1.33 za Hitpoints, yaani uhai wako. Ukichagua Chop, zote 4 zinakwenda Attack. Ukichagua Slash, zinakwenda Strength. Ukichagua Block, Defence. Lunge inazigawa mafungu matatu, kila upande 1.33. Goblini wa levo ya 2 ana uhai 5, kwa hiyo kumuua kunaleta XP 20, lakini kwa Lunge Attack yako inaambulia kama 6.7 tu. Kutoka Attack 24 kwenda 25 zinatakiwa XP 814. Kwa Chop hao ni magoblini 41. Kwa Lunge ni 123. Kwa jumla hujapoteza XP hata moja, ila umezitawanya mahali pasipokusaidia sasa, na ndiyo maana fani zako tatu zinatembea pamoja kwa mwendo wa kobe. Kabla hujafanya lolote lingine, ingia kwenye alama ya panga mbili na ubadilishe mtindo.

Lakini hata ukitumia Chop, goblini bado ni chaguo baya kwa mtu wa levo yako. Mchezo unahesabu uhai ulioondoka kweli, hauhesabu nguvu ya pigo. Kama mkono wako unaweza kupiga 6 na goblini amebakiwa na 2, unalipwa za 2. Kila goblini unayemuua, pigo la mwisho linamwagika. Kisha unatafuta mwingine, unatembea hatua nne, unakuta mtu mwingine kamuwahi. Mtu anayetaka kupanda haraka anatafuta adui mwenye uhai mwingi na kinga ndogo, asiyegombaniwa, aliye karibu na benki. Ukubwa wa levo ya adui hauna maana peke yake. Wengi hukimbilia majitu yenye kinga nzito wakidhani watalipwa zaidi, kisha nusu ya mapigo yao yanagonga sifuri na chakula kinawaishia.

Sasa nikupe ramani ya safari nzima, maana bila hiyo utachoka njiani. Toleo hili Jagex, kampuni ya Cambridge nchini Uingereza, walilifungua Februari 2013 kutokana na nakala ya mchezo ya Agosti 2007, na jedwali la XP ni lile lile la zamani. Levo ya 30 inataka jumla ya XP 13,363. Ya 40 inataka 37,224. Ya 50 inataka 101,333, ya 70 inataka 737,627, na ya 99, ambayo ndiyo mwisho, inataka 13,034,431. Kila baada ya levo kama saba jumla inajirudia mara mbili, kiasi kwamba mtu aliyefika 92 ndiyo kwanza yuko nusu ya safari ya 99. Zingatia jambo moja hapo: kutoka 40 mpaka 50 peke yake ni XP 64,109, karibu mara mbili ya kazi yote ya kutoka 1 mpaka 40. Rafiki yako wa 45 anaonekana yuko mbali sana, ila sehemu kubwa ya pengo hilo inazibika kwa mipango ya wiki chache za usiku wako.

Na mipango hiyo inaanzia kwenye misheni, zile wanazoziita quest. Hapa nataka utulie unisome vizuri, kwa sababu ndipo wachezaji wapya wa kwetu wanapopoteza muda mwingi kuliko pengine popote. Wanaona misheni ni hadithi za kusoma, na kusoma Kiingereza usiku umechoka si raha, basi wanarudi kuua ng'ombe. Kumbe malipo ya misheni ni kiasi kilichowekwa, hayaangalii una levo gani. Kwa mtu wa levo 80 XP elfu tano si kitu. Kwako wewe ni levo kadhaa kwa mkupuo.

Chukua Vampyre Slayer, iliyo kwenye toleo la bure. Unaanza na Morgan kule Draynor, anakutuma kwa Dr Harlow kwenye baa ya Blue Moon mjini Varrock, unamnunulia bia, anakupa kigingi. Beba nyundo. Beba na kitunguu saumu, kipo ghorofani nyumbani kwa Morgan, nacho kinampunguza nguvu yule mnyonya damu. Kisha unashuka chini ya jumba la Draynor kumkabili Count Draynor mwenyewe, levo 34. Nenda na chakula cha kutosha. Malipo ni XP 4,825 za Attack. Wewe una 7,028 hivi, kwa hiyo utatoka 24 na kutua 28. Kwa magoblini, hata ukitumia Chop, ungehitaji 242.

Mfano wa pili unaonyesha jinsi misheni zinavyofunguliana milango. Doric's Quest inataka udongo wa mfinyanzi 6, mawe ya shaba 4 na ya chuma 2, na inalipa XP 1,300 za Mining (uchimbaji), yaani kutoka 1 mpaka 10. Mining 10 ndiyo sharti la The Knight's Sword. Hiyo nayo inalipa XP 12,725 za Smithing (uhunzi), na kama hujawahi kufua hata kisu, unaamka ukiwa Smithing 29. Hebu fikiria njia ya kawaida: kuyeyusha mche mmoja wa shaba nyeusi kunatoa XP 6.2, kuufua kunatoa 12.5. Ungehitaji miche kama 680, na kila mmoja unataka mawe mawili ya kuchimba. Kazi ya misheni ni kutafuta jiwe la blurite kwenye pango la barafu lenye majitu, kuwa na miche 2 ya chuma, na kumpelekea mbilikimo Thurgo pai ya redberry. Ndani ya pango usipigane na mtu. Kimbia, chimba, toka.

Kabla ya hizo zote, pitia Stronghold of Security pale Barbarian Village. Ni ngome ya chini kwa chini yenye milango inayokuuliza maswali ya usalama wa akaunti, na ukifika mwisho wa ngazi tatu za juu unakuwa umekusanya sarafu 10,000. Ngazi ya nne wanakupa viatu. Kwa mchezaji wa bure hizo sarafu ni mtaji wa silaha nzuri.

Maana silaha yako nayo inakurudisha nyuma. Saa ya mchezo inakwenda kwa mapigo (tick) ya sekunde 0.6. Upanga mrefu unapiga kila mapigo matano, yaani kila sekunde 3. Jambia lililopinda wanaloliita scimitar linapiga kila mapigo manne, sekunde 2.4. Kwa saa nzima ya kupiga mfululizo ni mara 1,200 dhidi ya mara 1,500. Panga kubwa za mikono miwili, ambazo wageni huzipenda kwa ukubwa wake, zinapiga kila sekunde 4.2, mara 857 tu kwa saa. Zeke wa Al Kharid anauza scimitar mpaka ya mithril, moja ya madini ya mchezoni, inayotaka Attack 20, na wewe unaitosha tangu zamani. Ukifika 30 nunua ya adamant kwenye soko la Grand Exchange, na 40 chukua ya rune, ambayo ndiyo itakayokutunza muda wote wa toleo la bure. Ongeza na kidani cha nguvu, Amulet of strength. Watu wanavaa kingao kizito kwanza na kidani mwisho, na kwa anayetafuta XP ni kinyume kabisa.

Kwa hiyo utaratibu wako, baada ya Vampyre Slayer, uwe hivi. Zimebaki XP 1,510 kufika Attack 30. Shuka kwenye kinamasi cha kusini mwa Lumbridge, kuna vyura wakubwa, Giant Frog, wenye uhai 23. Kila mmoja analipa XP 92, hivyo 17 wanatosha. Hapo hapo geuza mtindo kuwa Slash na uiache Attack ipumzike. Strength ndiyo inayoongeza kiwango cha juu cha pigo lako, na pigo kubwa maana yake XP zaidi kwa kila sekunde, hata baadaye ukirudi kufundisha Attack au Defence. Kutoka Strength 21 mpaka 40 ni XP 32,206. Ukishazoea, hamia kwa majitu ya Hill Giant kwenye pango la Edgeville: uhai 35, XP 140 kila mmoja, na wanaangusha mifupa mikubwa. Ni kama majitu 230. Izike mifupa papo hapo kama unataka Prayer, XP 15 kwa kila mfupa, ama ibebe ukauze. Mimi ningezika nusu ya kwanza ili kuacha nafasi kwenye begi. Defence isubiri mpaka Strength ifike 40.

Usiku wa saa moja ni mfupi, na humo humo kuna wizi wa muda usioonekana. Begi lina nafasi 28. Ukienda pangoni na samaki watano utarudi benki kila baada ya dakika chache, na kila safari ni XP sifuri. Pika mapema. Ukifikisha Fishing 20, nunua manyoya na uvue mtoni Barbarian Village: trout wanalipa XP 50, na kuanzia 30 salmon wanalipa 70. Trout aliyepikwa anarudisha uhai 7, salmon 9. Kazi hii, pamoja na kukata miti ya willow ukifika Woodcutting 30, ndiyo ya mchana ukiwa dukani mteja akiingia na kutoka: unagusa simu mara moja baada ya kitambo na mhusika anaendelea. Mapigano na misheni viwekee ule usiku ambao macho yako yapo kweli. Mtu mwenye muda mdogo kama wewe anapanda haraka pale anapoacha kutumia saa yake nzuri kwa kazi isiyohitaji umakini.

Kuhusu mtandao, kwa mchezo huu hatuko pabaya kama tunavyodhani. Seva zake, wanazoziita dunia, ziko nchi mbalimbali, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia. Kutoka Tanga chagua zenye bendera ya Uingereza au Ujerumani. Kwa kuwa kila kitu kinakwenda kwa mapigo ya sekunde 0.6, kuchelewa kidogo kwa mawimbi ambako kwenye michezo ya kupigana kwa bunduki kungekuua, hapa mara nyingi hata hukusikii. Ila mtandao ukiyumba kabisa, kama ilivyotokea Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, usiende kwa majitu. Mawasiliano yakikatika katikati ya pigano, mhusika wako hatoweki mara moja, anaendelea kupigwa. Ukifa, vitu vyako hukaa kaburini dakika 15, na itabidi uvirudie kwa mtandao ule ule unaoyumba. Usiku wa namna hiyo nenda kavue.

Sasa uanachama wa kulipia. Usiununue leo. Muda wake unahesabiwa ucheze usicheze, na kwa saa moja ya usiku utakuwa umelipia siku nyingi za kulala. Maliza kwanza misheni za bure, kisha chagua kipindi utakachokuwa na nafasi, labda sikukuu au duka likiwa na msaidizi. Kuna kitu kinaitwa Bond kinachotoa siku 14 za uanachama, na unaweza kukinunua kwa dhahabu ya mchezoni sokoni Grand Exchange. Bei yake hupanda na kushuka, na kwa mchezaji mpya ni dhahabu nyingi, kwa hiyo lichukulie kama lengo la kuwekea akiba.

Siku ukiingia kwenye uanachama, anza na Waterfall Quest. Haina sharti la levo yoyote. Ina majitu njiani lakini hulazimiki kuua hata moja, unakimbia ukila. Kumbuka tu kwamba kwenye kaburi la Glarial huruhusiwi kuingia na silaha, kingao wala mawe ya uchawi, viache benki. Malipo ni XP 13,750 za Attack na 13,750 nyingine za Strength. Mtu aliyeanza jana anatoka levo 1 mpaka 30 kwa zote mbili. Ifuatishe na Fight Arena, XP 12,175 za Attack, kisha Tree Gnome Village, XP 11,450. Jumlisha Attack ya misheni hizo tatu upate 37,375. Levo ya 40 inataka 37,224. Yaani misheni tatu zinamfikisha mtu kwenye scimitar ya rune bila kuua goblini hata mmoja kwa ajili ya Attack. Wewe ukiingia na Attack 30 yako utatoka na 43. Hii ndiyo sababu nyingine ya kukuambia uiache Attack ikifika 30 na uweke jasho lako kwenye Strength. Kuna mapigano magumu ndani ya hizo mbili za mwisho, hasa yule Khazard Warlord, lakini ukisimama nyuma ya uzio au kizuizi asipoweza kukufikia na kumpiga kwa uchawi, anaanguka bila kukugusa. Witch's House nayo usiiruke: XP 6,325 za Hitpoints.

Nimebakiza ushauri wa rafiki yako, na hapa sitamung'unya maneno. Programu ya kubonyeza yenyewe imekatazwa na kanuni za Jagex, na adhabu inaweza kufika hadi kufungiwa moja kwa moja. Hiyo Attack uliyoipata kwa jasho baada ya kufunga duka itakwenda nayo. Usiijaribu hata kwa usiku mmoja.

Akaunti ya kununua ni hatari zaidi kwa mfuko wako. Kuuziana akaunti kumekatazwa vilevile, kwa hiyo ukidhulumiwa huna pa kushtaki. Aliyeifungua ana barua pepe ya kwanza na kumbukumbu zote za akaunti, na anaweza kuomba kuirejesha wiki moja baada ya kupokea pesa yako. Wapo pia wanaojitolea kukupandishia levo ukiwapa nywila, na wale wanaosimama karibu na Grand Exchange wakitangaza kwamba wanarudisha dhahabu maradufu. Anakupa mara mbili ya kiasi kidogo, unaamini, unaleta chote, anatoweka. Nywila yako asiijue mtu, rafiki huyo akiwemo, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kabla hujaanza kuweka akiba ya Bond.

Kwa usiku wa leo, kama una saa moja tu: badilisha mtindo uwe Chop, pitia Stronghold of Security uchukue zile sarafu, vuka Al Kharid ununue scimitar ya mithril, weka vitunguu saumu na nyundo begini. Kesho ukifunga duka ndiyo uende kwa Morgan, kisha kwa Dr Harlow.